Jumanne Isiyotaka Kwisha

Siku ile ilikuwa Jumanne kwa mara ya kumi na moja, na Bi Kazija alikuwa ameichoka kama mtu anavyomchoka mgeni asiyejua kuaga. Alifumbua macho, akaisikia mvua juu ya paa la sitaha, akajua yote yatakayosemwa kabla hayajasemwa. Kengele italia. Kisha kwenye spika ya ukutani itatoka ile sauti laini ya Bwana Shaame, msimamizi wa safari, iwaambie abiria arobaini na mbili kwamba leo ni Jumanne, jua linawaka, na saa tatu wataogelea mwambani kwa miwani na mrija. Kengele ikalia. Sauti ikatoka. Leo ni Jumanne, ikasema, jua linawaka, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo cha dirisha, shibiri moja kutoka puani mwake.

"Linawaka kwenu," alisema Bi Kazija, akautupa mto ukutani.

Meli ile haikuwa na jina, au ilikuwa nalo likaliwa na chumvi. Hakuna aliyekumbuka bandari walikopandia. Wengine walisema ni kule kwenye vumbi jekundu, wengine wakasema ni kule kwenye ngazi za mawe, na walipobishana sana kila mmoja alianza kuwa na shaka kama alipanda kweli au alizaliwa humo humo, na boya la kuvaa shingoni. Abiria waliitana kwa namba. Bi Kazija alikuwa Arobaini na Moja, na kuna asubuhi aliyoulizwa jina lake akajibu namba, ikambidi akae kitandani kitambo ndipo jina lirudi.

Kisa cha Jumanne hiyo ni hiki, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana waliokuwa ndani yake hawakucheka. Kwenye mlango wa kushukia majini palitundikwa ubao wenye vibao arobaini na viwili, kila kimoja na namba yake, upande mmoja mweupe na upande wa pili mwekundu. Anayeshuka baharini hugeuza kibao chake kikawa chekundu. Anayerudi hukigeuza kikawa cheupe. Wameweka hivyo ili asije mtu akasahauliwa majini meli ikang'oa nanga. Ni desturi ya busara, na busara yoyote ikipata mtu wa kuiabudu huwa balaa.

Jumanne ya kwanza abiria wote walijipanga mlangoni, mapezi ya mpira miguuni, wakitembea kama bata wanaokwenda harusini. Kila mmoja aligeuza kibao chake. Wa kwanza alikuwa ameshaukanyaga mdomo wa mashua wingu lilipotokea. Ratiba iliyopigwa chapa ilisema jua. Bwana Shaame aliitazama ratiba, akalitazama wingu, akawarudisha watu vyumbani. Vibao vikabaki vyekundu. Alipotaka kuvigeuza akakumbuka kanuni ya nne: kibao kitageuzwa na mwenyewe tu, kwa mkono uliolowa maji ya bahari. Na mikono yote ilikuwa mikavu. Akakumbuka na kanuni ya saba: ukurasa wa siku hautafunuliwa maadamu kuna kibao chekundu ubaoni. Kwa hiyo abiria wote walikuwa majini, na kwa kuwa walikuwa majini hawangeweza kwenda majini, na kwa kuwa hawakwenda hawakuweza kurudi, na kwa kuwa hawakurudi ilikuwa Jumanne.

Nahodha je? Nahodha hakuna aliyemwona. Aliulizwa mara moja kwa simu ya ndani, akajibu kwamba yeye huendesha meli, siku haziendeshi.

Bi Kazija aliingia chumba cha kulia akikokota kandambili. Mezani alikuwapo Mwalimu Ngwali, Namba Kumi na Tano, mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole kupita kiasi, ndevu zake zimekuwa ndefu tangu asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo. Mbele yake ilikuwapo pilau. Chakula cha Jumanne ni pilau. Nyama ilikwisha Jumanne ya tano, mchele ukaisha Jumanne ya nane, na mpishi, mtu mwenye kuheshimu ratiba, alikuwa sasa anakatakata viazi vidogo vidogo mfano wa punje na kuvitia bizari.

"Karibu pilau," alisema Mwalimu Ngwali.

"Hivyo ni viazi, mwalimu."

"Ni viazi, lakini vimejitahidi."

"Mwalimu, hebu niambie kweli. Wewe hukasiriki?"

Mwalimu Ngwali alitafuna polepole. "Nikasirike ili nifike Jumatano? Jumatano ingekuwa nimebakiza siku nne kurudi nyumbani, Bi Kazija. Na nyumbani hakuna mtu. Hapa angalau kila siku unakuja wewe unagombana na mimi."

Bi Kazija alivuta kiti, akakaa. Ndipo alipotambua kwamba anauona mkono mmoja tu wa mwalimu, ule ulioshika kijiko. Mwingine ulikuwapo, bila shaka, maana mtu haachi mkono chumbani. Lakini ili auone ilibidi ageuze kichwa, na alipougeukia ule, huu wa kijiko ukatoweka. Jumanne ya kwanza, kwenye kiti hicho hicho, aliiona yote miwili bila kugeuka.

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Kabla ya safari daktari alimwambia ana presha ya macho, na kwamba kuona kwake kunasogea kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefunga mapazia taratibu. "Ukitaka kuona kitu, bibi, kione kabla mwezi mwingine haujaandama," alisema, akamwandikia dawa ya matone kana kwamba ndilo jibu. Bi Kazija hakulia. Alikwenda nyumbani akajiuliza ni kitu gani. Watoto alikuwa amewaona wakatosha. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kituo cha kupimia mvua, kilimani, juu ya bahari. Kila asubuhi saa tatu aliinua chupa kutoka kwenye kipima mvua, akaisoma usawa wa jicho, akaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa huondoka na ukweli. Akishaandika aliyamwaga maji. Yalikwenda bondeni, bonde likayapeleka mtoni, mto baharini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameipima mvua bila kujua inakoishia. Akataka kuingiza uso wake humo mara moja tu, aangalie. Akajiandikisha safari, akapewa miwani ya kuzamia, mrija na namba. Na sasa macho yanakwisha mbele ya sahani ya viazi.

Jumanne ya sita alimweleza Bwana Shaame habari hiyo, na Shaame akamshika mkono kwa upole uliomtia hasira zaidi. "Lakini mama, hapa mwezi hauandami," alisema. "Hapa ni Jumanne. Mradi ni Jumanne, macho yako yako salama. Huoni kwamba tunakuhifadhi?" Yule kijana aliamini maneno yake, hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa na sare iliyopigwa pasi na uso wa mtu aliyelelewa vizuri. Bi Kazija alirudi chumbani akafikiri usiku kucha, kama ule ulikuwa usiku. Akakiri kwamba maneno yale yalikuwa matamu. Nani asiyetaka kuambiwa kuwa kesho imezuiliwa mlangoni?

Lakini macho hayasomi ubao. Wala ndevu hazisomi, wala mchele ghalani. Siku ni ya nani, basi? Alijiuliza hivyo akiitazama sahani yake. Ni ya anayeiandika, au ya anayenyeshewa nayo? Alipokuwa kilimani alidhani anaiandika mvua, kumbe mvua ndiyo iliyokuwa ikimwandika yeye: ilimwamsha, ikamlowesha, ikamwambia mwaka huu kuna mahindi na mwaka huu hakuna, naye akatia nukta. Hakuwahi kuiambia mvua inyeshe Alhamisi. Mtu angefanya hivyo kijijini wangemfunga kamba wampeleke kwa mganga. Humu melini wamempa sare.

Jumanne. Nani alikuona, Jumanne, ukija? Una pembe? Una mkia? Nikikuita Ijumaa utageuka?

Arobaini na Moja. Arobaini na Moja yuko wapi? Yuko majini. Anafanya nini? Anaona. Na huyu anayekula viazi ni nani? Huyu ni makosa ya hesabu.

"Umesema nini?" aliuliza Mwalimu Ngwali.

"Sikusema."

"Umesema makosa ya hesabu. Nimesikia, ni fani yangu."

Bi Kazija alikuwa ameinua kichwa kuelekea dirishani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa kazini. Mvua ilikuwa ikianguka wima. Haikuwa na upepo hata wa kupeperusha ukaya wa kichwani. Radi haikusikika tangu alfajiri. Bahari ilikuwa imetulia tuli, na matone yalipoipiga yalisimama juu yake kidogo kama misumari kabla ya kuzama. Mashua zilikuwa zimening'inia kwenye kamba zake bila kutikisika. Mvua ya namna ile aliijua. Aliwahi kuiandika mara nyingi: kubwa, haina upepo, haina madhara. Siku kumi na moja walikuwa wamefungiwa, na angalau siku tano kati ya hizo bahari ilikuwa imelala kuliko ambavyo ingelala kwenye jua. Hakuna aliyeiangalia. Waliangalia ratiba.

Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Mwalimu, unajua kushika kamba?"

"Kamba ya nini?"

"Ya kunivuta nikizama. Njoo."

Mwalimu Ngwali alikitazama kijiko chake, akakiweka chini kwa heshima, akamfuata.

Bwana Shaame alikuwa mlangoni pa kushukia, amesimama kando ya ubao wenye vibao vyekundu, kitabu cha siku kikiwa mezani pake chini ya kijipaa. Alimwona Bi Kazija anakuja na miwani ya kuzamia kwenye paji la uso, mapezi mkononi, boya kifuani, na kanga imefungwa kiunoni kama mwenye kwenda kupika shughulini. Akanyoosha mikono.

"Mama, tafadhali. Huwezi kutoka."

"Kwa nini?"

"Umeshatoka. Tazama mwenyewe. Arobaini na Moja, nyekundu. Uko majini."

"Niko majini."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu saa tatu ya leo."

"Vizuri," alisema Bi Kazija. "Kama mimi niko majini, hapo unamzuia nani?"

Bwana Shaame alitazama ubao, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, kisha ubao tena, na pale usoni mwake kukapita kitu ambacho Mwalimu Ngwali alikijua vizuri. Alikiona miaka mingi kwa wanafunzi hodari siku wanapogundua kwamba kanuni waliyoikariri haina jibu la swali hili. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia mtu aliyekwisha toka. Polepole, mikono yake ikashuka yenyewe.

"Basi pisha," alisema Bi Kazija, "usimzuie mtu ambaye hayupo."

Akafunga kamba kiunoni, ncha ya pili akampa mwalimu, akavaa mapezi, akashuka ngazi kinyumenyume. Mvua ilimpiga mgongoni. Ilikuwa ya uvuguvugu, na alipotia mguu baharini akashangaa kukuta bahari ina uvuguvugu zaidi. Alitema mate kwenye kioo cha miwani kama walivyofundishwa, akakisuuza, akavaa, akauma mrija. Akasema bismillahi ndani ya mpira, ikasikika kama mbuzi. Akaingiza uso.

Kelele zote zilikatika. Ile Jumanne nzima iliyokuwa ikimpigia paa kichwani ikawa mbali, ikabaki mchakacho mwepesi, kama mtu anayepeta mchele chumba cha pili. Kwanza aliona pumzi yake mwenyewe tu, mapovu na hofu. Kisha mwamba ukaja. Hakuwa ameujia yeye. Ni mwamba uliokuja, ukapanda kutoka kwenye ukungu wa maji na matumbawe yake ya zambarau, ya njano mbivu, ya rangi ambazo hakuwa na majina yake na hakuona haja ya kuyatafuta. Palikuwa na kiti cha pweza, chekundu, mikono mitano kama nyota, kimejibandika juu ya jiwe. Palikuwa na pono, samaki ambaye watu wamemsingizia usingizi tangu babu na babu. Huyu alikuwa macho, akiyang'ata matumbawe kwa meno yake ya mbele hadi Bi Kazija akasikia kru, kru, kru. Mwacheni pono wa watu, alifikiri Bi Kazija, nanyi mmelala Jumanne kumi na moja.

Akatambua jambo lililomfanya acheke hata maji yakamwingia puani. Miwani ya kuzamia ina kuta nyeusi pembeni. Hapa chini kila mtu huona kwa kutazama mbele tu, na akitaka kuona kilicho kando lazima ageuze kichwa. Hapa macho yake hayakuwa mabovu. Yalikuwa macho kama ya watu wote.

Aligeuka ubavu kidogo, mrija juu, akatazama alikotoka. Na hapo akaiona. Kila tone lilipogusa maji lilifungua duara, na duara likafungua duara, na ngozi yote ya bahari ilikuwa ikifunguka na kufumba kwa fedha, maelfu kwa maelfu, bila tone moja kupotea wala kuuliza leo ni siku gani. Miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa ikiishia hapa, na haikuwa ikiishia. Alihisi kifua chake kinauma kwa furaha, na alikasirika pia, alikasirika vibaya, kwamba jambo kama hili lilikuwa hatua tano kutoka kwenye sahani ya viazi na watu wakakatazwa kwa sababu ya wingu.

Alipotazama chini mara ya mwisho, kwenye mchanga baina ya miamba, aliona vivuli. Jua halikuwapo, lakini vivuli vilikuwapo, arobaini na viwili, vimelala vimenyoosha mikono kama watu wanaoelea. Havikuwa vya kutisha. Vilikuwa na uchovu wa watu waliongoja kituoni. Kimoja kilikuwa na kanga kiunoni. Bi Kazija alielea juu yake taratibu mpaka akahisi miguu yake imekutana nacho, na jina lake likamrudia lote, la kwake na la baba yake na la babu yake, bila kulitafuta. Akavuta kamba mara mbili.

Mwalimu Ngwali alimvuta kwa nguvu ambazo hakuna aliyezidhania. Alikuwa amelowa chapachapa, ndevu zimemgandama kifuani, anatabasamu kama mjinga. Bi Kazija alipanda ngazi, akauendea ubao, na kwa mkono unaotiririka maji ya bahari akageuza kibao cha Arobaini na Moja. Kikawa cheupe katikati ya wekundu wote ule.

"Umerudi," alisema Bwana Shaame, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshushiwa mzigo. Haraka akafungua kitabu cha siku. "Sasa tia saini hapa, mama. Kila anayerudi hutia saini, chini ya hali ya hewa."

Bi Kazija aliinama. Ilimbidi autafute ukurasa kipande kipande. Palikuwa na safu ya Jumanne, na kando yake, baada ya mstari mwembamba, safu ya Jumatano, tupu. Kwenye Jumanne palishaandikwa kwa wino: jua.

"Andika mvua," alisema.

"Siwezi, mama. Imeshaandikwa."

"Kijana wangu, nywele zako zinadondosha maji kwenye kitabu."

"Naona."

"Basi andika."

"Nikiandika mvua," alisema Shaame, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini, "nitakuwa nimekiri kwamba ratiba haikuwa kweli, na kwamba nimewafungia watu hawa siku kumi na moja bure."

Bi Kazija alimtazama. Hasira aliyokuwa ameipandisha nayo ngazi ilitafuta pa kukaa usoni mwa yule kijana, ikakosa nafasi. Aliingiza vidole kwenye msuko wake, akachomoa kipande cha penseli alichokuwa akikichomeka humo tangu enzi za kituo, akainamia kitabu mwenyewe. Akaandika kama alivyoandika maisha yake yote, kwa herufi kubwa, bila haraka: mvua kubwa, haina upepo, haina madhara. Mstari wa katikati hakuuona. Ulikuwa upande ule ambao mapazia yalishafungwa. Maneno yakaanzia Jumanne, yakauvuka mstari, yakaingia Jumatano na kuendelea mpaka ukingo wa karatasi.

Bwana Shaame alisoma. Akasoma tena, kidole chini ya maneno.

"Umeandika Jumatano," alisema.

"Nimeandika nilichokiona."

"Jumatano imeshaandikwa, mama. Kitabuni." Aliinua macho. "Kilichoandikwa hakifutwi. Ni kanuni ya kwanza, nayo iko juu ya ile ya saba." Akashika ncha ya karatasi. "Ukurasa umejaa. Nikiufunua, siku zitakuja zote. Zote kumi na moja kwa pamoja. Unajua? Macho yako..."

"Najua. Funua."

Akafunua. Ulikuwa mlio mdogo tu, wa karatasi mbichi ikiachana na mwenzake. Ubaoni vibao vikaanza kutikisika kwenye misumari yake, na kutoka kwenye korido ikasikika milango inafunguliwa, watu wakiitana kwa majina. Kutoka jikoni ikaja harufu ya maharage, chakula cha Jumatano. Mwalimu Ngwali aliisikia, akaketi juu ya lundo la kamba, akalia machozi ya kweli kwa maharage, na kwa nyumba isiyo na mtu, akasema, "Siku nne. Haya. Basi siku nne."

"Mama," aliita Bwana Shaame, amesimama nusu ndani na nusu nje ya kijipaa, kiganja chake kimekingwa mvuani kama mtoto anayeomba. "Huko chini kuna nini?"

"Vaa miwani ukatazame," alisema Bi Kazija. "Mimi si ratiba."

Akageuka aende zake. Ukingo wa mlango, ambao asubuhi aliuona vizuri, sasa haukuwapo. Wala bega la mwalimu, wala ubao, wala bahari upande huu na upande ule. Palibaki duara moja katikati, dogo kama mdomo wa chupa ya kupimia, na ndani yake mvua ikinyesha. Alisimama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akautafuta ukingo kwa vidole, akaupata. Ulikuwa umelowa.